Mwanangu, Umekuwa wa Ngapi?

Dominika ya Pili ya Mwaka C
Masomo: Isa. 62:1-5, 1 Kor. 12:4-11, Yn. 2:1-11



Mwezi huu wa Januari vituo vyetu vya mabasi vimejaa masanduku ya bati, magodoro yaliyofungwa kamba, ndoo na mafagio. Ni watoto wetu wanaoanza kidato cha kwanza. Baadhi yao wanakwenda bweni, mbali na nyumbani. Wengi zaidi wanakwenda kwa miguu katika shule ya sekondari ya kata. Tuwaombee wote. Lakini pamoja na kuwaombea, leo tunataka kutafakari, hasa sisi wazazi na walezi, juu ya swali moja ambalo mtoto huulizwa anaporudi likizo, hata kabla hajautua mzigo wake: “Mwanangu, umekuwa wa ngapi?”

Swali hilo tunalifahamu. Sisi tuliolelewa katika seminari ndogo tunakumbuka jinsi matokeo yalivyobandikwa ubaoni, kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho. Wengi wetu tulitoka shule za msingi za vijijini, ambako tulizoea kushika nafasi ya kwanza au ya pili. Mwisho wa muhula wa kwanza tulianza kutafuta majina yetu juu kabisa ya orodha. Jicho likashuka, likashuka tena, mpaka tukayakuta karibu na mwisho. Jioni ile baadhi yetu hatukula. Tulidhani kwamba akili zimetuacha. Kumbe tulikuwa tumekutanishwa na wenzetu ambao nao walikuwa wa kwanza huko kwao. Tena tulikuwa tukifundishwa Fizikia na Historia kwa Kiingereza, sisi tuliosoma miaka saba kwa Kiswahili.

Hayo yanawapata watoto hata sasa. Mmoja huficha ripoti yake chini ya godoro. Mwingine huanza kuumwa kichwa kila asubuhi ya kwenda shule. Na yuko msichana anayerudi nyumbani jioni, akateka maji, akapika, akaosha vyombo, ndipo akafungua daftari usingizi ukiwa umekwisha kumshika. Kisha tunamgombeza kwa kuwa ameshindwa na kijana ambaye nyumbani kwao hashiki hata ufagio.

Tumsikilize Mtume Paulo katika somo la pili. Wakorintho walikuwa wamejaliwa karama nyingi, nao wakaanza kuzipanga kwa ngazi. Aliyenena kwa lugha alijiona yuko juu ya mwenzake. Mtume anawakumbusha mambo mawili: karama ni mbalimbali lakini anayezigawa ni Roho mmoja, na kila mmoja amepewa ya kwake ili iwafae wote. Kwa mwanga huo, tutenganishe vitu vitatu ambavyo mara nyingi tunavichanganya: nafasi, alama na karama.

Nafasi inatueleza jambo moja tu, yaani mtoto amesimama wapi kati ya wenzake. Katika darasa la wanafunzi 60, hata wote wakisoma usiku na mchana, mmoja tu atakuwa wa kwanza, mmoja atakuwa wa 60, na 30 watakuwa katika nusu ya chini. Kijana aweza kupata alama 75 akawa wa 40 katika shule moja, na mwingine akapata 45 akawa wa kwanza katika shule nyingine. Ni yupi ameelewa zaidi? Tena nafasi ina kishawishi chake: mwenzangu akipanda, mimi ninashuka. Hapo ndipo kijana anapoanza kuficha kitabu, kukataa kumweleza jirani yake hesabu, na hata kufurahi rohoni mwenzake anapougua wakati wa mtihani. Huo, ndugu zangu, ni wivu, na Kanisa linauhesabu kati ya vilema vikuu. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Yafaa na sisi tuliache zoezi hilo sebuleni petu.

Alama ni kitu kingine. Alama A haiishi kwa kugawiwa. Darasa zima laweza kuipata. Katika mtihani wa kidato cha nne, daraja la mwanafunzi hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo yake saba aliyofanya vizuri zaidi; haiulizwi jirani yake amepata nini. Kwa hiyo kumfundisha mwenzako hakukupunguzii alama hata moja. Bali anayefundisha huelewa mara mbili. Alama zina haki zake. Zinamwambia kijana ukweli: hapa umeelewa, hapa bado. Asizidharau, maana nyuma ya sare aliyoivaa yuko mama aliyeuza mahindi, na pengine mdogo wake aliyebaki bila viatu.

Tunafika kwenye karama. Yuko mtoto ambaye akishika randa, ubao unamtii. Mwingine amejaliwa sauti. Mwingine hawezi kuiona redio mbovu asiifungue kutazama ndani. Mzazi, kwa hofu ya ripoti, humwamuru: “Achana na kwaya, soma!” Tunaielewa hofu hiyo, lakini hatuwezi kuibariki. Anayezigawa karama ni Roho, si sisi. Nasi tukizizima tutatoa hesabu. Tangu mwaka 2024 baadhi ya shule zetu za sekondari zimeanza kufundisha mkondo wa amali, ili kazi za mikono zipate heshima yake darasani. Lakini nawe kijana usiifanye karama kuwa maficho. Usiseme, “Hisabati siyo karama yangu.” Seremala hupima pembe, na mwimbaji huhesabu mapigo. Kidato cha kwanza ni mapema mno kufunga mlango ambao hujajaribu hata kuusukuma.

Tumtazame Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Alianza kusoma Kilatini akiwa na umri wa miaka kama 20, na kilimshinda hata akaondolewa katika seminari kuu ya Lyon. Angehukumiwa kwa nafasi, habari yake ingeishia pale. Lakini Padre Balley, paroko wa Écully, alimjua na kuendelea kumfundisha kwa uvumilivu. Naye Vianney hakusema kwamba Kilatini si karama yake, alirudi kitabuni. Alipewa upadre mwaka 1815, akatumwa Ars mwaka 1818, na watu wakamiminika kwake kuungama kutoka kila upande wa Ufaransa. Mwaka 1929 Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza kuwa msimamizi wa maparoko wa ulimwengu wote.

Basi, wazazi wapendwa, mtoto akirudi likizo, kwanza mpokeeni mzigo, mpeni chakula. Kisha mwulizeni: “Umeelewa nini ambacho hukukielewa? Ni wapi palipokushinda, tutafute msaada? Na umemsaidia nani?” Gaweni kazi za nyumbani kwa haki, wasichana na wavulana. Masomo yapewe saa zake, na karama nayo ipewe saa yake, hata kama ni moja kwa juma. Na Dominika ibaki kuwa ya Bwana. Nanyi makatekista, vijana wa sekondari mnao katika mafundisho ya kipaimara. Wakusanyeni, aliyeelewa amweleze asiyeelewa. Hiyo nayo ni katekesi.

Tumalizie kule Kana. Palikuwa na mitungi sita ya mawe, kila mmoja ukichukua lita kati ya 80 na 120. Yesu hakuwaagiza watumishi kutengeneza divai. Aliwaagiza kujaza maji, nao wakajaza hadi juu. Yohane hatuambii ni nani aliyeteka ndoo nyingi kuliko wenzake. Anatuambia kwamba watumishi walioteka maji walijua divai ile ilikotoka, wakati mkuu wa meza hakujua.

Kijana mpendwa unayeanza safari, kazi yako ni kujaza mtungi wako hadi juu, na ukimwona mwenzako ndoo imemlemea, kumshika mkono. Divai mwachie Bwana. Na Mama Maria, aliyeona upungufu kabla hata wenye arusi hawajalalamika, auone upungufu wako na kumwambia Mwanae.

Mungu Mwenyezi awabariki nyote, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.