Laki, Sukari na Pilipili

Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa auzapo korosho zake akapokea laki moja, yaani shilingi 100,000, hutamka neno lililotoka Bara Hindi. Asili yake ni laksha, la lugha ya kale iitwayo Sanskriti. Aingiapo dukani kununua sukari, hutaja sharkara, ambalo hapo kwanza maana yake ilikuwa changarawe. Neno hilo lilipita Uajemi na Uarabuni hata likatufikia. Pilipili nayo asili yake ni pippali. Je, tuone haya kwa kuazima? Hasha! Maneno hayo sasa ni yetu. Lakini yatupasa kuyajua vema, kwani asiyejua kuwa laki ni elfu mia moja aweza kupunjwa jasho lake.