Zege la Kuchapwa: Nguvu Ipimwe Kwenye Kiungo, Kyubu Pekee Haitoshi

Mikataba yetu ya ujenzi imezoea swali moja kuhusu zege. Kyubu ya milimita 150 inamwagwa kwenye kalibu, inalowekwa majini, inavunjwa siku ya 28, na tarakimu inayosomeka kwenye mashine ndiyo inayoamua kama mkandarasi atalipwa. Sasa teknolojia ya kuchapa kuta kwa printa, tabaka juu ya tabaka, imefika. Kilifi, pwani ya Kenya, mradi wa Mvule Gardens ulipangwa kuwa na nyumba 52 za aina hiyo. Zege la kuchapwa linakuja na sifa ya nguvu kubwa, na mteja akiambiwa megapaskali 100 wakati amezoea 25, hana swali tena. Hoja yangu ni kwamba tarakimu hiyo, hata ikiwa sahihi, inatueleza habari za kyubu. Ukuta uliochapwa una nguvu zaidi ya moja, na iliyo ndogo kuliko zote iko pale tabaka mbili zinapokutana. Hapo ndipo mkataba unapopaswa kuangalia.

Ushahidi wangu mkuu unatoka Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, ambako matokeo ya uchunguzi wa zege la kuchapwa yalichapishwa mwaka 2012. Mchanganyiko wao haukuwa na kokoto hata moja. Ulikuwa mchanga laini na viunganishi, ambavyo asilimia 70 ilikuwa saruji, 20 majivu ya makaa ya mawe na 10 vumbi la silika, pamoja na nyuzi fupi za polipropilini. Maji yalikuwa 0.26 tu ya uzito wa viunganishi. Tujiulize kwanza kwa nini mtu atumie saruji nyingi hivyo na maji machache hivyo. Zege lile lilipaswa kupita kwenye tundu la milimita 9 bila kuziba, kisha likishatoka lisimame lenyewe, bila mbao za kulishikilia, na kubeba tabaka lifuatalo kabla halijakauka. Masharti hayo mawili yanavutana, na njia ya kuyapatanisha ni unga mwingi, maji kidogo na kemikali za kulainisha. Nguvu kubwa ilifuata mlemle. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya nguvu tunayouziwa ni matokeo ya mahitaji ya printa, ukuta haukuiomba.

Zege lile lilipomwagwa kwenye kalibu lilistahimili mgandamizo wa megapaskali 107. Lilipochapwa vizuri, likakatwa na kupimwa kwa mielekeo tofauti, lilitoa kati ya 75 na 102. Katika mwelekeo mbaya kabisa, basi, karibu asilimia 30 ilipotea. Kwenye kupinda matokeo yanashangaza zaidi: la kalibu lilifikia megapaskali 11, la kuchapwa kati ya 6 na 17. Zege lilelile, lilipochapwa, limelishinda la kalibu kwa upande mmoja na kushindwa vibaya kwa upande mwingine. Nayo nguvu ya tabaka kushikana, pale zinapovutwa zitengane, ilianzia megapaskali 2.3 na kuteremka hadi 0.7 kadiri muda kati ya tabaka na tabaka ulivyorefuka. Hata matundu yana hadithi yake. Zege lililochapwa vizuri lilikuwa na asilimia 1.0 ya matundu makubwa kuliko milimita 0.2, chini ya asilimia 3.8 ya lile la kalibu. Lililochapwa ovyo lilikuwa na 4.8, mengi yakiwa yamejipanga kwenye mianya kati ya mkanda mmoja wa zege na mwingine, yaani palepale ufa unapotafuta njia.

Kiungo hudhoofika kwa sababu zinazoeleweka. Zege lenye maji machache halipandishi maji juu kama zege la kawaida, na ukuta uliochapwa hauna mbao za kuukinga na upepo. Uso wa tabaka unakauka, unaanza kushika, na tabaka jipya linaukalia bila kuingiliana nao. Jua na upepo wa pwani yetu huharakisha jambo hilo. Umeme ukikatika, au pampu ikiziba na mafundi wakakaa kuizibua, muda huo wote unaandikwa ndani ya ukuta kama mstari dhaifu, usioonekana kwa macho.

Najua jibu litakaloletwa: nyumba ya ghorofa moja haina mzigo wa kutisha. Ni kweli kabisa. Chukua ukuta wa mita tatu kwenda juu, wenye unene wa zege wa milimita 100 na paa la mabati. Mgandamizo chini yake hauzidi nusu megapaskali. Lakini hesabu hiyo inaunga mkono hoja yangu. Kama mgandamizo ni mdogo kiasi hicho, basi megapaskali 100 hazina kazi ya kufanya, na ukuta utasumbuliwa na mambo mengine: msingi kutitia upande mmoja, upepo, tetemeko, na kusinyaa kwa zege lenyewe, ambalo kwa wingi wa saruji na kukosa kokoto husinyaa kuliko tulilozoea. Yote hayo huvuta na kupinda, na kinachovutwa kwanza ni kiungo.

Wengine watasema tutie nondo na zege la kumwaga ndani ya uwazi wa ukuta. Njia hiyo ni nzuri, ila tuiite kwa jina lake: hapo kinachobeba ni nguzo iliyomwagwa, na kilichochapwa kimekuwa kalibu ya kudumu. Asidai mtu nguvu ya vyote viwili kwa tarakimu moja. Wajenzi makini wameukabili udhaifu wa kiungo waziwazi. Daraja la baiskeli la Gemert, Uholanzi, lililofunguliwa mwaka 2017, lina tabaka zipatazo 800, na nyaya zilizokazwa hubana vipande vyake pamoja. Daraja la Striatus, Venice, mwaka 2021, halikuwa na nondo wala mota ya kuunganishia. Tabaka zake zilielekezwa ili mzigo uzibane badala ya kuzitenganisha.

Kuna pingamizi la gharama, ambalo kwa mkandarasi mdogo ni zito kuliko mengine yote. Kukata vipande kutoka ukuta uliochapwa na kuvipima kwa mielekeo mitatu ni ghali kuliko kujaza kyubu. Napendekeza kyubu zibaki kwa ukaguzi wa kila siku, na vipande vikatwe kwenye ukuta wa majaribio unaochapwa eneo la kazi, saa za jua kali, uchapaji ukisimamishwa kwa makusudi kwa muda mrefu kuliko wote ambao mkandarasi anaomba aruhusiwe. Kiwango cha ISO/ASTM 52939 cha mwaka 2023 kimeshaweka misingi ya kuhakiki ujenzi wa aina hii, kwa hiyo hatuanzi na karatasi tupu. Baada ya jaribio hilo, msimamizi anahitaji kujua tu ni tabaka gani zilivuka muda ulioruhusiwa. Printa inaendeshwa na kompyuta, na saa ya kila tabaka inaweza kuhifadhiwa bila gharama ya ziada. Kumbukumbu hiyo ikabidhiwe pamoja na matokeo ya kyubu, kabla cheti cha malipo hakijatiwa saini.