Choo Kikikutoka Bila Kujua, Sema: Tiba Ipo



Wako akina mama walioacha kupanda matatu kwenda soko la Wote au Mwingi, na wazee walioacha kwenda kanisani, wakihofia choo kitawatoka mbele za watu. Wengi hawajamwambia yeyote, hata nyumbani. Leo jambo hili lisemwe waziwazi: huu ni ugonjwa, na una matibabu.

Choo huzuiwa na misuli ya njia ya haja kubwa, nayo huongozwa na neva zinazotoka chini ya uti wa mgongo. Uzazi mgumu huweza kuichana misuli hiyo. Kisukari na majeraha ya mgongo huweza kudhoofisha neva.

Matibabu huenda hatua kwa hatua. Kwanza hutibiwa kuhara au kufunga choo, chakula hurekebishwa, na mgonjwa hufundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Wengi hupata nafuu hapo.

Ikishindikana, ipo njia ya kusisimua neva kwa umeme mdogo, iliyoidhinishwa Marekani kwa tatizo hili mwaka 2011. Waya mwembamba huwekwa karibu na neva za mgongo wa chini, kisha mgonjwa huangaliwa kwa wiki moja au mbili. Akipata nafuu, kifaa kidogo chenye betri huwekwa chini ya ngozi ya tako. Ni tiba ghali inayohitaji mtaalamu, na haimfai kila mgonjwa.

Tena, umeme hauzibi tundu. Mama anayetokwa na choo au mkojo ukeni baada ya kujifungua huenda ana fistula, ambayo kwa kawaida hutibiwa kwa upasuaji. Ndiyo maana uchunguzi hutangulia.

Pa kuanzia ni karibu: mhudumu wa afya ya jamii au zahanati. Huko mgonjwa anaweza kutumwa hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui au Wote. Aseme tu, “Choo kinanitoka bila kujua.” Sentensi hiyo inatosha. Ikiwa tatizo limeanza ghafla, na miguu imelegea au mapaja yana ganzi, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe mume, mwana au jirani, usimcheke wala kumtenga. Msindikize.