Chupa Tupu, Mche Hai

Wasikilizaji wa Busia, pande zote mbili za mpaka, nanyi wa Tororo: kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho huua miche ya vuli. Kubeba dumu la lita 20 kutoka Mto Malaba, kisha kulimwaga juu ya udongo, ni kazi bure: jua huyanywa maji kabla ya mizizi.

Okota chupa ya plastiki. Toboa kifuniko kwa sindano ya moto, kata kitako, ifukie kichwa chini kando ya mche, kisha ijaze maji. Yatadondoka taratibu penye mizizi. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ni bora zaidi, maana huvuja kadiri ardhi inavyokauka. Lakini chungu hununuliwa, na chupa zimezagaa pale malori yanaposubiri forodha. Tandaza nyasi kavu, zisiguse shina. Mchwa wetu hawana adabu. Chupa ikiishiwa maji, ijaze tena.