Goli la ugenini linahesabiwa nyumbani

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja kwenye mkutano wetu wa mwezi, hapa Kinsevere)



Prezida wa chama aliniambia: "We unajua mambo ya mupira. Utusemee kidogo juu ya Mazembe, bantu bafurahi mbele ya kuingia mu mambo ya sanduku." Nilikubali. Lakini kwangu mpira na sanduku ni jambo moja, na mutaona kwa nini. Na wale wa Lupopo walioko hapa, musitoke. Leo kuko neno zuri juu ya mtu wenu mmoja.

Kufuata timu msimu mzima si kazi ndogo. Ushindi wa siku moja, hata mpita njia atacheza ngoma yake. Shabiki ni yule ambaye timu ikipigwa Jumapili, Jumatatu anavaa ile jezi nyeusi na nyeupe na kwenda nayo sokoni, watu wamucheke. Mazembe ilizaliwa mwaka wa 1939. Ilichukua kombe la Afrika 1967, ikalichukua tena 1968. Kisha? Ikangoja mpaka 2009. Miaka 41! Kuko wazee waliofuata timu hii kila msimu, wakafa bila kuliona tena kombe lile. Wale hawakuwa wajinga. Walijua kukaa na kitu chao.

Mimi nilivuka mpaka mwezi wa 12, mwaka wa 2000, wakati vita ilifika Pweto. Tulikaa ku kambi ya Kala, upande wa Kawambwa, Zambia. Kule ndiko nilijifunza kushona, kwa mama mmoja aliyekuwa na mashini ya miguu. Mazembe tuliifuata kwa radio ya jirani. Asubuhi tuliweka betri kwenye jua ili zipate nguvu kidogo, na jioni tulikaa watu ishirini kuzunguka kisanduku kimoja, sauti inakuja, inapotea.

Tarehe 1 mwezi wa 11, mwaka wa 2009, Mazembe ilicheza mechi ya kwanza ya fainali kule Owerri, Nigeria, na timu ya Heartland. Tukapigwa 2-1. Watu walinyamaza. Kuko mzee mmoja pale, mtu wa Lupopo toka utoto wake, alikuwa mufanyakazi wa reli. Tulifikiri atatucheka. Yeye akasema: "Munalia nini? Mulifunga goli moja kwa bantu. Ile goli haikufa. Mukifika ku nyumba itahesabiwa." Akatuchorea kwa kijiti kwenye udongo: mechi ya kwenda, mechi ya kurudi, «aller» na «retour». Magoli yakilingana, ile timu iliyofunga mingi ugenini ndiyo inapita.

Tarehe 7, kwenye uwanja wa Kenya, mu Lubumbashi, tulingoja sana. Kipindi cha kwanza hakuna kitu. Kipindi cha pili beki mmoja wa Heartland akajifunga mwenyewe. 1-0. Jumla ikawa mbili kwa mbili, lakini sisi tulikuwa na moja la ugenini, na wao hawakufunga lolote kwetu. Kombe likarudi Lubumbashi. Na yule mzee wa Lupopo alicheza kutupita sisi wote! Bandugu, ule usiku sikulala. Nilikuwa nawaza: na sisi tunarudi lini?

Tulirudi mwaka uliofuata, 2010, na malori mpaka Pweto. Nilileta bibi, watoto watatu, mabati manne na mashini moja ya kushona. Nilikuta shamba la baba yangu linalimwa na watu wengine. Na munajua vile tulipokelewa. Wengine walisema: "Bale ba Zambie, banakuya kutafuta nini?" Kana kwamba miaka kumi tulilala tu. Mimi nilikuwa nimefunga goli langu ugenini, lakini nani alikuwa tayari kulihesabu?

Ule mwaka Mazembe ilichukua tena kombe la Afrika, ikaenda Abu Dhabi kucheza kombe la dunia la vilabu. Mukumbuke, ilikuwa imeshafika kule mwaka wa mbele, 2009. Pohang ya Korea iliipiga 2-1, na Auckland City ya Nyuzilandi ikaipiga 3-2. Ilirudi nyumbani mikono mitupu. Na sasa inarudi mji ule ule, tena bila Trésor Mputu, kapiteni, kwa sababu FIFA ilikuwa imemfungia. Nani angewapa hata kipindi kimoja? Wakapiga Pachuca ya Mexico 1-0. Wakapiga Internacional ya Brazil 2-0, na Kidiaba akaruka-ruka kwa matako pale uwanjani, dunia nzima ikacheka na sisi. Kwenye fainali, tarehe 18 mwezi wa 12, Inter ya Milan ikatupiga 3-0. Lakini kabla ya pale hakuna timu ya Afrika iliyofika fainali ile. Mtu aliyerudi mara ya kwanza bila kitu hajamaliza msimu wake. Ile ilinisaidia mingi, mu ile miezi ya Pweto.

Sasa ninafika mahali ambapo ninasikia haya.

Mwaka wa 2015 nilikuwa nimeshahamia hapa Kinsevere, kutafuta riziki karibu na mgodi. Chama chetu kilikuwa bado kichanga. Mazembe ikafika fainali na USM Alger. Kule Algiers ilishinda 2-1. Mechi ya kurudi ilikuwa tarehe 8 mwezi wa 11, ku uwanja wake wa Kamalondo. Na mimi mkononi nilikuwa na mchango wangu wa mwezi, na wa mwezi uliopita, ambao nilikuwa nimeshakawisha. Nilijiambia: "Miaka yote radio tu. Leo nitaona na macho." Pesa ya sanduku ikawa pesa ya tiketi na ya gari. Niliona Samatta, mtoto wa Tanzania, anafunga penalti. Niliona goli la pili mwisho kabisa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha.

Nilirudi usiku, nikakuta mtoto wangu wa tatu ana homa kali, anatetemeka, bibi analia. Nyumbani hakuna hata franga moja. Ni mama mweka sanduku wetu ndiye aliyekuja na pesa ya hospitali ule usiku. Alijua sijalipa miezi miwili. Hakufungua daftari. Alisema tu: "Tuende." Yule mtoto leo ni kijana, yuko pale nyuma, anapanga viti.

Bandugu, leo tuna pendekezo mezani: mtu akikosa mchango miezi mitatu, afutwe, na alichotoa zamani kipotee. Ninajua kwa nini lilikuja. Wanaolipa kila mwezi wamechoka kubeba wengine, na wana haki ya kuchoka. Lakini mimi ni mmoja wa wale ambao pendekezo hili lingewafuta. Ndiyo maana ninaomba mambo matatu.

La kwanza, jina lisifutwe mbele wanachama wawili hawajafika ku nyumba ya yule mtu na kuona. Mwengine ni mgonjwa, mwengine ameachishwa kazi na anaona haya kusema.

La pili, alichotoa zamani kibaki mu daftari. Lile ni goli alilofunga. Mechi moja ikienda vibaya, magoli ya zamani hayafutwi.

La tatu, aliyebaki nyuma alipe kidogo kidogo, lakini alipe. Mimi yale ya 2015 niliyalipa kwa miezi mitano, nikishona jezi za watoto usiku. Shabiki wa kweli analipa deni la timu yake. Na ninyi vijana munaopenda mpira: mchango mbele, tiketi nyuma. Musifanye kama mimi.

Sisi wote hapa tuko mu mechi ya kurudi. Kila mmoja alifunga kitu kule mbali: mwengine ufundi, mwengine kilimo, mwengine kulea watoto wasio wake. Majirani wasipokihesabu, basi hapa, kati yetu, kihesabiwe.

Na Lupopo, asante kwa yule mzee wenu.