Vita ya Marekani juu ya utumwa haikuanguka toka mbinguni

 

Juma lililopita kijana mumoja aliniuliza: «Kaka, Wamarekani walikuwa inchi moja, luga moja, Biblia moja. Juu ya nini waliuana miaka ine?» Nikamujibu haraka: juu ya utumwa. Akakataa: «Mimi nilisoma kama ilikuwa juu ya haki za majimbo.» Nikaona jibu langu lilikuwa fupi sana. Leo ninaleta jibu lenyewe.

Tuanze ku mwaka wa 1787. Wakubwa wa ile inchi walikutana Philadelphia kuandika katiba. Miaka 11 mbele ya pale, walikuwa wametangaza kama watu wote wameumbwa sawasawa. Lakini wengi kati ya wale waliokaa mu ile chumba walikuwa na watumwa kwao. Sasa walifanya nini? Neno «mutumwa» hawakuliandika hata mara moja mu katiba. Jambo lenyewe, njo waliliandika. Walipatana kama biashara ya kuleta watumwa haitakatazwa mbele ya mwaka wa 1808. Walipatana kama mutumwa akikimbilia jimbo lingine, atarudishwa. Na wakati wa kuhesabu watu ili kugawa viti vya bunge, watumwa 5 watahesabiwa kama watu 3. Musikilize vizuri: mutumwa hakuwa na kura, lakini kichwa chake kiliongeza viti vya yule aliyemufunga.

Wengi walizania utumwa utajifia polepole. Haukufa. Mu 1793 ilitoka mashini ya kutenganisha pamba na mbegu zake, na mashamba ya Kusini yakaanza kuingiza makuta mingi. Mu 1790 watumwa walikuwa karibu 700,000. Mu 1860 walikuwa karibu milioni 4, na pamba peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya bei ya vitu vyote Marekani iliuzisha inje. Tusidanganyane kama watu wa Kaskazini walikuwa malaika: viwanda vyao vya nguo, na vile vya Uingereza, vilikula ile pamba. Kila mutu alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Na walinyamaza kwa sheria. Kila mara inchi ilipopata jimbo mupya, swali lilirudi: litakuwa la watumwa ao la watu huru? Mu 1820 walipiga mustari ku karata: Missouri iingie na watumwa, Maine iingie bila watumwa, na udongo wa kaskazini ya ule mustari ubakie huru. Kisha wananchi wakaanza kutuma barua kwa maelfu wakiomba bunge likomeshe utumwa. Bunge lilifanya nini? Toka 1836 mupaka 1844, wabunge walikuwa na kanuni ya kuweka zile barua pembeni bila kuzizungumuzia. Ni miaka munane ya kufunga kinywa. Mu ile miaka makanisa nayo yalianza kupasuka: Wametodisti, kisha Wabatisti, Kusini mbali na Kaskazini mbali. Wakati watu wa sala moja hawawezi tena kukaa ku kiti kimoja, inchi iko tayari na ufa.

Mu 1850 walipatana tena. California iliingia bila watumwa, na watu wa Kusini wakapewa sheria kali ya kurudisha wale waliokimbia. Mutu aliyekamatwa hakuruhusiwa kujisemea mbele ya aliyekuwa anaamua. Na yule muamuzi alilipwa dola 10 akimurudisha mutu ku utumwa, dola 5 akimuachilia. Mwananchi wa Boston aliyemuficha aliweza kupigwa amende ya dola 1,000. Hapa njo ninamujibu yule kijana wa haki za majimbo. Majimbo ya Kaskazini yalipotunga sheria za kuwalinda wale wakimbizi, nani alilalamika? Kusini! Walitaka serikali kubwa ivunje mapenzi ya jimbo, juu iliwafalia. Haki ya jimbo waliikumbuka paka wakati ililinda utumwa.

Mu 1854 seneta Stephen Douglas alipitisha sheria iliyovunja ule mustari wa 1820. Akasema wenyeji wa Kansas wajichagulie wenyewe. Maneno matamu, hapana? Mu uchaguzi wa Machi 1855, wenye kuwa na haki ya kuchagula mule Kansas walikuwa karibu 2,900. Kura zilizohesabiwa zilipita 6,000. Maelfu ya watu walivuka toka Missouri, wengine na bunduki ku mukono, wakachagula, wakarudi kwao. Kansas ikapata serikali mbili zenye kupingana, kisha ikapata maiti.

Mwezi wa Mei 1856, mu siku ine tu: watu wa utumwa walivamia muji wa Lawrence, kesho yake, Preston Brooks, mubunge wa Kusini, akamupiga fimbo seneta Charles Sumner ndani ya chumba cha Seneti mupaka akazimia, juu ya hotuba aliyotoa kupinga utumwa, na mu usiku wa tarehe 24, John Brown na watu wake wakatoa watu watano mu nyumba zao kule Kansas na kuwaua. Watu wa Kusini walimutumia Brooks fimbo mupya kama zawadi. Brown naye alipata watu wa kumusifu. Wakati kila upande una wauaji wake wa kupongeza, vita imeisha kuanza. Inabakia paka tarehe.

Ilibakia korti. Dred Scott, mutumwa aliyekuwa ameishi mu udongo huru, aliomba uhuru wake. Mu 1857 korti kubwa ikajibu kama mutu mweusi, hata akiwa huru, hawezi kuwa mwananchi wa Marekani, na kama bunge halina ruhusa ya kukataza utumwa mu udongo mupya. Mulango wa mwisho wa kumaliza maneno bila damu ulifungwa na majaji.

Novemba 1860 Abraham Lincoln alichaguliwa. Hakuahidi kukomesha utumwa kule ulikokuwa. Alisema tu usipanuke. Ile tu ilitosha. Tarehe 20 Desemba South Carolina ikatoka mu umoja, na mu barua yake ya kujieleza ikalalamika juu ya watumwa wasiorudishwa. Mississippi nayo iliandika wazi kama sababu ni utumwa. Wenyewe hawakuficha, ni watoto na wajukuu wao njo walikuja kuficha. Tarehe 12 Aprili 1861 wakapiga mizinga ku Fort Sumter. Miaka ine kisha pale, askari zaidi ya 600,000 walikuwa wamekufa.

Lakini musiondoke hapa na picha ya Lincoln peke yake. Watumwa hawakungoja. Toka miezi ya kwanza walikimbilia kambi za jeshi la Kaskazini, na karibu watu weusi 180,000 waliingia mu lile jeshi. Mwisho wa 1865 katiba ikakataza utumwa, na safari hii neno likaandikwa.

Mumoja wa wale askari anatuhusu sisi. George Washington Williams aliingia jeshini akiwa na miaka 14. Alikuja kuwa muchungaji na muandishi wa historia ya watu weusi wa Marekani. Mu 1890 alifika hapa Kongo, akiwa mbele amesadiki ahadi za mufalme Leopold. Akaona kwa macho yake. Mwezi wa Julai, kule Stanley Falls, leo Kisangani, akamuandikia Leopold barua ya wazi: serikali yako inaiba udongo, inachoma vijiji, inanunua na kuuzisha watu. Alikufa mwaka uliofuata. Alijua namna utumwa unajificha nyuma ya maneno mazuri, juu alikuwa amevaa bunduki ya kuupinga akiwa angali mutoto.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Miaka 70 wakubwa wa Marekani walipatana, wakapatana tena, na kila mara waliita ile amani. Watu milioni 4 wenye kuumia hawakuwa na kiti hata kimoja ku zile meza. Hasira na haki yao haikuisha. Iliwekwa kando, na ikazaa faida juu ya faida kama deni. Walioilipa ni vijana wa umri wenu.

Mukisikia siku moja kama wakubwa wamepatana, pigeni makofi mukitaka. Lakini mbele ya kupiga, muulize: nani hakuwa mu ile chumba?

 Sasa tusikie maulizo yenu.