Tusiitupe Neema: Kinyesi cha Kajiado, Jiko la Kitengela



Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana, Ramadhan Karim. Sitawachosha, najua futari haiko mbali. Leo tuzungumze juu ya jiko.

Mwezi huu jiko halilali. Jioni uji na sambusa, usiku daku. Kila mama hapa Kitengela anaijua hofu ya mtungi kuisha katikati ya mwezi, na nguo za Idd bado hazijanunuliwa. Gesi ya mtungi huja kwa meli kutoka ng'ambo na kushushwa Mombasa. Dola ikipanda, tunaumia sisi.

Sasa tazama upande wa pili. Kajiado ni kaunti ya ng'ombe. Kinyesi na damu ya machinjioni vikirundikwa hovyo huchafua maji na kutoa methani, gesi inayotia hewa joto mara 28 hivi kuliko kabonidioksidi kwa muda wa miaka 100. Lakini vikiozea ndani ya tangi lisiloingiza hewa, methani hiyo hukamatwa. Hiyo ndiyo biogesi. Pale Kiserian, kichinjio cha Keekonyokie kilijulikana miaka ya 2010 kwa kutengeneza biogesi kutokana na taka zake.

Utaniuliza, "Ustadh, mbona haijafika kwenye fleti zetu?" Ndugu yangu, biogesi ghafi si ya kusafiri. Methani yake ni asilimia 50 hadi 70 tu. Inayobaki ni kabonidioksidi isiyowaka, mvuke wa maji, na gesi ya salfa inayonuka kama yai bovu na kula vyuma. Kuibeba hivyo ni kama kulipia nauli ya gunia la mchele lililojaa mawe.

Dawa ni kuisafisha. Njia moja ni kuipitisha kwenye maji kwa shinikizo. Ukifungua soda, ile gesi inayofoka ni kabonidioksidi, nayo huyeyuka majini upesi kuliko methani. Basi maji huichukua, methani ikapita. Salfa nayo hunaswa kwa vyuma vyenye kutu. Kinachobaki ni methani ya asilimia 95 na zaidi, inayofanya kazi ya gesi asilia, kama ile inayofika Dar es Salaam kwa bomba kutoka Songosongo tangu 2004. Tofauti ni kwamba kisima kitakauka siku moja, lakini ng'ombe kesho atakula tena.

Faida ni nini? Kwanza, gesi inaweza kutoka kichinjioni ikafika mjini, kiwandani, hata kwenye magari. Uswidi mabasi ya miji kadhaa yanaitumia. Pili, pesa inabaki kwa mfugaji na kijana wa hapa. Tatu, masalio ya tangi ni mbolea.

Lakini tusidanganyane. Mtambo wa kusafisha ni ghali, ni kazi ya kichinjio au ushirika. Mwenye ng'ombe wawili watatu, biogesi ghafi jikoni kwake yamtosha. Na vijana, msithubutu kuijaza wenyewe kwenye mitungi ya kawaida! Gesi ya mtungi hugeuka maji kwa shinikizo dogo. Methani haigeuki, hushindiliwa hadi mara 200 ya shinikizo la hewa, katika mitungi mizito maalumu. Mlipuko wa Embakasi wa tarehe 1 Februari 2024, uliotokana na gesi ya kawaida, uliua watu. Gesi haina mzaha.

Wengine wanaona kinyaa. Suala la tohara waulizeni masheikh, ila jueni kwamba kinachofika jikoni ni hewa, si damu wala kinyesi.

Idd ya kuchinja itakuja, inshallah. Kabla ya siku hiyo, nenda na wenzako kichinjioni, muulize: taka hizi zinakwenda wapi? Kisha mpelekeeni swali hilo mwakilishi wa wadi. Tunakatazwa israfu katika chakula. Na hii nayo ni israfu, tumezoea tu kuiita uchafu.